Kitasa na Ufunguo

Fundi makochi alikuwa na malkia, na malkia huyo alikuwa ameibiwa taji. Wiki nzima, kila alipovuta kitambaa juu ya sponji na kukipigilia pini, kichwani mwake malkia alilia, majeshi yalijipanga, na joka la vichwa vitatu lilipumua moto ndani ya mlima. Mumewe akimsemesha, anaitika "mm" tu. Akila, macho yako ukutani. Waliomjua hawakushangaa. Jumamosi ilikuwa inakaribia, na Jumamosi ndiyo siku ya mchezo.

Mchezo wenyewe ni hivi. Mchana, kazi zikishafungwa, wanakusanyika karakanani kwake na kukalia makochi ya watu ambayo wenyewe hawajaja kuyachukua. Fundi ndiye msimulizi. Anawaeleza wenzake wako wapi na mbele yao kuna nini. Kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, na yeye ndiye anayesema mtu wake anatenda nini. Jambo likiwa gumu, kama kuruka ukuta au kumdanganya askari, dadu ya pande ishirini inarushwa: ikija namba kubwa umefaulu, ikija ndogo shauri yako. Na wote wanaokutana nao njiani, kuanzia wafalme mpaka wauza maji, msimulizi anawasemea.

Wachezaji walikuwa watatu. Mumewe, mwoka mikate, mtu mpole wa mikono yenye unga hata akioga, alikuwa shujaa wa upanga. Wifi yake, yaani dada wa mume, aliyefanya kazi kwenye kliniki ya meno, alikuwa mganga wa mitishamba. Jirani yao, mwalimu wa hesabu, mtu ambaye hata kipande cha chaki cha shule hajawahi kwenda nacho nyumbani, alikuwa amechagua kuwa mwizi.

Jumamosi hiyo palikuwa na mtu wa tano chumbani. Mama mkwe alikuwa amekuja kutibiwa goti, na angekaa mpaka goti lipone. Yeye na fundi hawakuwa wamewahi kugombana. Afadhali wangegombana, wakapatana, yakaisha. Walikuwa wanaheshimiana, heshima ile ya kutembea kwa ncha za vidole. Fundi akiwa na kicheko mdomoni na mama mkwe akaingia, kicheko kinamezwa. Siku mama alipoelezwa habari za mchezo, alizitazama zile dadu, akamtazama mwanawe, akamtazama na mwalimu na ndevu zake.

"Hee," alisema. "Watu wazima kabisa."

Basi. Hakuongeza. Lakini maneno hayo fundi alikaa nayo kama mwiba wa samaki kooni.

Mama hakupenda kukaa bure, kwa hiyo alipewa foronya ya kochi kuukuu afumue nyuzi zake kwa wembe. Akakaa karibu na dirisha, mguu mbovu juu ya kigoda, mgongo nusu umewageukia. Fundi alishusha pumzi, akaanza.

"Mmetembea siku nyingi. Mbele yenu kuna mji wenye kuta ndefu. Ndani ya mji huo malkia anawasubiri, na ana jambo zito la kuwaambia. Mnafika langoni jua linazama. Pale langoni kuna bawabu. Anawaambia, 'Subirini, nafungua.'"

Bawabu huyo alikuwa hajapangiwa chochote zaidi ya hayo maneno mawili. Aseme, afungue, watu wapite, afe kibudu katika hadithi. Ila wifi alikuwa ameinama mbele, amekunja uso.

"Anaonekanaje?"

"Nani?"

"Huyo bawabu."

"Ni bawabu tu, wifi. Ana... ameshika shavu." Fundi mwenyewe hakujua shavu limetoka wapi. "Shavu limevimba. Jino linamuuma."

Angejua asingesema. Wifi aliruka kama aliyeitwa zamu ya dharura. "Upande gani? La juu au la chini? Linauma akinywa vya baridi?"

"Tunaenda kwa malkia," fundi alimkumbusha.

"Malkia ana watu wa kumhudumia. Huyu ana nani?"

"Anaitwa nani kwanza?" mwoka mikate aliuliza.

Fundi aliangaza huku na huku. Macho yakaangukia mlangoni. "Kitasa," alisema.

Wote walicheka, na tangu hapo ikawa hivyo. Kitasa amekuwa langoni tangu lini? Akienda haja nani anamshikia lango? Mbona anasimama peke yake? Fundi alijibu lililomjia, huku anapinda mdomo na kusema kama mtu aliyejazwa pamba: shati lake ni safi, limepigwa pasi, mwenzake wa zamu ameondolewa, hana hata benchi la kukalia. Mwalimu wa hesabu, mwizi yule, alirusha dadu ili aibe benchi sokoni, akapata namba nzuri, akaliiba, akamletea. Mchana mzima ukaishia langoni. Malkia alibaki kwenye kiti chake cha enzi, amevaa, amejipamba, hajaulizwa hata hali.

Wageni walipoondoka, fundi alimgeukia mumewe. "Mimi nimewachimbia kisima wiki nzima. Nyinyi mmeona dimbwi njiani, mkalala hapo hapo."

"Lakini dimbwi lilikuwa na samaki," mumewe alisema.

"Nenda kalale huko."

Alikuwa amekasirika kweli. Watu wangemwelewa: hakuna anayependa kupika karamu halafu wageni washibe ukoko. Wiki iliyofuata alikata shauri. Joka alilinoa makucha, mlima wa moto aliuongezea moto, na Kitasa alimfuta. Jumamosi ilipofika, alianza kwa haraka kabla mtu hajafungua mdomo.

"Kumekucha. Lango liko wazi. Bawabu mpya, kijana asiyesema na mtu, anawaonyesha kwa mkono njia ya kwenda ikulu."

Mwalimu alivua miwani. "Bawabu mpya?"

"Mpya."

"Kitasa yuko wapi?"

"Hayupo. Ameacha kazi. Twendeni kwa malkia."

"Ameacha kazi na jino lile?" wifi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Mwoka mikate aliuweka upanga wake wa maneno chini, akasema shujaa wake haendi popote mpaka ajue. Mwalimu akasema benchi je, benchi liko wapi. Fundi aliwatazama mmoja mmoja, watu wazima kabisa, wamenuna kwa ajili ya mtu ambaye hata hakuwa na miguu mpaka juzi alipoanza kusimamishwa.

Ndipo sauti ilipotoka dirishani.

"Na mkewe anasemaje?"

Mama mkwe hakuwa amegeuka. Wembe wake ulikuwa unaendelea kukata nyuzi, kach, kach.

"Mke wa nani, Mama?" fundi aliuliza.

"Wa huyo mwenye jino."

"Sijui, Mama. Sikufikiria kama ana mke."

Sasa aligeuka. "Mwanamume hajalala siku ngapi kwa jino, anakwenda kazini na shati lililopigwa pasi. Pasi alipiga nani, jino?"

Mwalimu alikohoa ili asicheke. Fundi alihisi uso unawaka. "Basi, Mama," alisema, "labda wewe unamjua. Tuambie anasemaje."

Alisema, na papo hapo akatamani kulirudisha neno mdomoni. Mumewe alitazama dari. Mama mkwe alikunja foronya, akaiweka pembeni, akaweka wembe juu yake. Alijikung'uta nyuzi mapajani taratibu, kama mtu anayejiandaa kupokea wageni asiowapenda.

"Mmebisha hodi?" aliuliza.

Walitazamana. Wifi ndiye aliyeamka kwanza. Aligonga mkono wa kochi. "Hodi! Hodi wenyewe!"

"Nani?"

"Sisi wasafiri, mama. Tunamtafuta Kitasa."

"Ahaa." Mama mkwe alishika kiuno akiwa amekaa vile vile. "Kumbe ni nyinyi. Nyinyi ndio mliosimama langoni mkimpigisha mume wangu soga, mara jino, mara benchi, mpaka mkuu wake akapita, akamkuta amekalia mali ya wizi, akamfukuza kazi! Haya, karibuni ndani mfurahi vizuri."

Mwalimu wa hesabu aliziba uso kwa mikono yote miwili. "Benchi!" alisema. "Ni mimi!"

"Ni wewe! Sura yako tu niliijua!"

"Lakini, Mama," mwoka mikate alianza, "sisi tulikuwa tunataka kumsaidia..."

"Mama yako nani? Mimi watoto wangu wako shambani wanafanya kazi, hawazururi na mapanga."

Hapo hata fundi alishindwa. Kicheko kilimtoka chote, hakikumezwa, na mama mkwe alimtupia jicho la pembeni, akaendelea kwa sauti ya juu zaidi. Jina lake nani, waliuliza. Alidharau swali. "Mume ni Kitasa. Mimi niwe nani, kama si Ufunguo?"

Akawapa masharti. Kwanza wachote maji, mapipa yote. Pili waombe radhi. Tatu mume wake arudi kazini, na si kwa huruma ya mtu. Mwalimu alieleza kwamba kumshawishi mkuu wa walinzi kunahitaji dadu, na kwa kuwa Ufunguo ndiye mdai, arushe yeye. Mama aliishika dadu kama anavyoshika yai, akaipuliza, akaitupa. Ikabingirika sakafuni, ikagonga mguu wa kochi, ikatulia.

"Hii ni nzuri au mbaya?"

"Ishirini!" mwanawe alipiga kelele. "Mama, ishirini! Hakuna inayozidi!"

"Mimi nilijua," mama alisema, na akainama mwenyewe kuiokota, goti au si goti.

Siku zilizofuata fundi hakuwa na malkia kichwani. Alikuwa na swali. Alikuwa akivua kochi la zamani, kitambaa, sponji, mikanda, mpaka mbao zikabaki uchi, na huku mikono ikifanya kazi akajiuliza: kwa nini mkuu wa walinzi alimfukuza Kitasa upesi hivyo? Benchi tu? Na mwenzake wa zamu aliondolewa kwa nini? Mambo hayo alikuwa ameyasema ovyo, ya kujazia pengo. Lakini sasa yalikuwa yamesemwa, na yalidai majibu kama watoto wenye njaa. Nyundo ilisimama hewani. Taji liliibwa. Likatoka mjini. Limetokaje, kama si kwa lango?

Aliitupa nyundo, akaenda jikoni. Mama mkwe alikuwa anamenya vitunguu, machozi yanamtiririka.

"Mama," fundi alisema, hata hodi hakupiga, "usiku taji lilipoibwa, Kitasa aliona nini?"

Mama alifuta macho kwa kiwiko. "Umenichelewesha. Mimi nangojea uniulize tangu Jumamosi."

"Unajua?"

"Aliona kila kitu. Ila mdomo ulikuwa umevimba, hakuweza kupiga kelele. Aliyepanga wizi alimchagua usiku ule kwa sababu ya jino. Akamwondoa mwenzake, akamwacha bubu peke yake."

Fundi alikaa chini, juu ya ndoo iliyofunikwa. "Na aliyepanga zamu ni..."

"Mkuu wa walinzi," walisema pamoja, na wakashikana mikono, kitunguu katikati.

Walipanga mpaka sufuria ikaanza kuungua. Mama alikuwa na mawazo kama mvua. Alitaka kujua mkuu wa walinzi anamwogopa nani, yule bawabu mpya asiyesema na mtu ni mtoto wa nani, muuza maji alipita saa ile akaona nini. Kila mtu ambaye fundi alikuwa amempitisha kama upepo, mama alimshika nguo, akamwuliza: wewe unataka nini, na nani anakungoja nyumbani? Na kila aliyeulizwa aligeuka akawa na kisa. Fundi aliona aibu kidogo, aibu tamu, kwamba alikuwa na mji mzima wa watu na yeye alikuwa akiwaona kama milango.

"Mama," alisema baadaye, akikwangua sufuria, "mimi nilidhani unatuona wajinga."

"Nawaona, ndiyo. Wajinga kabisa." Mama aliusogeza mguu wake kwenye kivuli. "Lakini kila nikiingia unakata kicheko kama mtu anayezima taa ili kubana matumizi. Nikasema, basi, mkwe hataki niwemo. Mimi nilikuwa nangoja kualikwa huko kwenye ujinga."

Fundi alikwangua sufuria kwa nguvu. Halafu akasema, "Jumamosi utakaa kochi la katikati, Mama. Lile la manyoya."

"La mteja?"

"Mteja atangoja."

Jumamosi hiyo karakana ilijaa kelele tangu mwanzo. Wifi alikuwa amejiandaa kwa kuchemsha mizizi ya hadithi, akaeleza hatua kwa hatua atakavyoling'oa jino la Kitasa, kwa ufasaha uliomfanya hata mwoka mikate ashike taya lake. Dadu ilirushwa, ikaja namba kubwa. Jino likatoka. Fundi, aliyekuwa akimsemea Kitasa kwa mdomo wa pamba tangu siku ya kwanza, aliufungua mdomo, akanyoosha ulimi, na kwa sauti safi na nzito ambayo hawakuwa wameisikia akasema, "Asanteni. Sasa kaeni niwaambie nilichokiona."

Mwalimu alipiga magoti kwa furaha, magoti yake mwenyewe, si ya mwizi.

Taji lilipatikana ndani ya mtungi wa muuza maji, ambaye hakujua anabeba nini. Mkuu wa walinzi alikimbilia langoni, na lango likafungwa usoni pake, kwa kuwa bawabu mpya, kijana yule wa kunyamaza, alikuwa mpwa wa Kitasa na alikuwa na yake moyoni. Joka la vichwa vitatu halikuonekana hata mkia, na hakuna aliyeliulizia.

Hatimaye walifika kwa malkia. Fundi aliketi wima, akapandisha kidevu, akawa malkia. Alimsifu shujaa wa upanga, akamsifu mganga, akamsamehe mwizi. Alikuwa anakaribia kutoa zawadi, Ufunguo alipoinuka kwenye kochi la manyoya. Mama mkwe alisimama kwa miguu yake miwili.

"Malkia," alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena, "umepita lango lile maisha yako yote. Mume wangu amekufungulia ukiwa mtoto, amekufungulia ukiwa bibi harusi. Siku hata moja, ulimwuliza jina lake?"

Fundi aliutafuta mwilini mwake ule ukali wa kimalkia, hakuupata. Alimwona mwanamke mzima amesimama mbele yake, nyuzi za foronya zimemganda kwenye kanga, anangoja jibu. Malkia alishuka kwenye kiti chake cha enzi. Aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," malkia alisema.

Ufunguo alimwacha angoje kidogo, anavyostahili. Kisha uso wake ukafunguka wote, meno na makunyanzi.

"Marahaba, mwanangu. Sasa umetawala."

Wifi alilia waziwazi, akasingizia vumbi la sponji. Mwoka mikate alimkumbatia mama yake, kisha akamkumbatia mke wake, kisha kwa makosa akamkumbatia mwalimu. Kitasa alithibitishwa kazini, akapewa msaidizi na paa la kuzuia jua. Mwalimu aliomba iandikwe rasmi kwamba benchi limelipiwa.

Asubuhi ya pili yake mama mkwe alimpigia simu mume wake, aliyebaki nyumbani na kuku. Masikio ya mama hayakuwa mazuri, kwa hiyo simu iliwekwa sauti ya juu, na nyumba nzima ikasikia. Mzee aliuliza goti linaendeleaje.

"Goti bado," mama alisema, huku anavuka jikoni bila kuchechemea. "Linahitaji muda. Halafu, baba watoto, usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu. Huku nina mume mwingine. Bawabu. Jana ameng'olewa jino, anaendelea vizuri."

Fundi, kijiko mkononi, alimtazama mumewe. Mumewe alimtazama fundi. Upande wa pili wa simu kuku mmoja alilia kwa mbali. Kisha mzee alisafisha koo.

"Na huyo mwenzangu," aliuliza, "ameshajua kwamba unakoroma?"

Mama mkwe alicheka mpaka akashika meza, na fundi, aliyekuwa karibu naye, akacheka akimshika yeye.